Kisanduku cha Dawa na Somo la Kutazama Kabla ya Kuuliza

Kwa muda wa miaka mitatu nilikuwa mmoja wa watu wanne waliokabidhiwa kazi ya kusanifu kisanduku cha kuwekea vidonge kwa ajili ya wazee wanaotumia dawa nyingi kila siku. Kisanduku chenyewe kilikuwa na vyumba 28, vinne kwa kila siku ya juma, pamoja na kengele ya kumkumbusha mtumiaji saa ya dozi, taa ndogo juu ya kila kifuniko, na kihisio cha kutambua kifuniko kinapofunguliwa. Mimi ni mhandisi wa mitambo, na niliingia katika kazi hiyo nikiamini kwamba sehemu ngumu ingekuwa saketi na bawaba. Saketi ilitusumbua kwa wiki sita tu. Muda uliosalia, pamoja na sehemu kubwa ya fedha, ulimezwa na makosa yenye chanzo kimoja: tulisanifu kwa ajili ya mzee tuliyemjenga vichwani mwetu, na mzee huyo hakuwa akiishi katika nyumba yoyote. Naandika haya kwa kirefu, pamoja na hasara zake, ili atakayepewa kazi ya namna hii, iwe ni kifaa cha tiba au chupa ya sabuni, asipitie tulikopitia sisi.

Tulianza kwa kuuliza. Tuliandaa dodoso lenye maswali 40, tukawaalika wazee na walezi wao ofisini, tukawakalisha katika chumba tulivu, na tukawauliza wanazitumiaje dawa zao, husahau mara ngapi, na wangependa kifaa kiwe na nini. Majibu yalikuwa safi mno. Karibu kila mmoja alieleza kwamba hunywa dawa kwa saa zilezile alizoelekezwa, kwamba husahau mara chache, na kwamba kengele ingemsaidia. Tulikusanya majibu hayo kwa miezi mitatu, tukayachora katika majedwali, na tukayachukua kuwa ndiyo mahitaji ya watumiaji.

Zaidi ya mwaka mmoja baadaye, nilipoanza kuwatembelea baadhi ya watu walewale majumbani mwao, niliona maisha mengine kabisa. Mzee mmoja aliyetuambia kwamba hunywa dawa zake zote asubuhi alikuwa amezigawa katika sehemu tatu: nyingine kando ya kitanda, nyingine dirishani jikoni, na nyingine katika mfuko wa koti. Mama mmoja aliyekuwa akitumia dawa ya kupunguza maji mwilini hakuinywa kamwe siku aliyokuwa na safari, kwa sababu hakutaka kutafuta choo njiani. Mwingine alikuwa akikata vidonge vikubwa kwa kisu kwa kuwa vilimkwama kooni. Hakuna hata mmoja aliyetudanganya. Mtu anapoulizwa namna anavyofanya jambo la kila siku, hueleza namna anavyojua kwamba linapasa kufanywa, hasa akiwa mgeni katika ofisi ya watu anaodhani ni wataalamu. Kuanzia hapo nimeacha kumwambia mtu, "Nieleze unavyotumia dawa zako." Humwambia, "Nionyeshe ulivyozinywa leo asubuhi," kisha hunyamaza na kumfuata popote anapokwenda, hata kama anaanza kwa kutafuta miwani kwa dakika kumi, kwa sababu dakika hizo kumi nazo ni sehemu ya matumizi ya kifaa.

Kosa la pili lilikuwa la fedha, nalo liliyafanya makosa mengine yote kuwa ghali. Mfadhili wetu alitaka kuona bidhaa iliyokamilika, si mfano wa kadibodi, nasi tukaagiza kalibu ya chuma ya kutengenezea visanduku vya plastiki kabla kifaa hakijalala hata usiku mmoja katika nyumba ya mtumiaji. Kalibu hiyo ilikula theluthi mbili ya bajeti yote. Wasiowahi kuagiza kalibu wajue jambo hili: kuchonga chuma zaidi ili plastiki iwe nene ni kazi inayowezekana kwa gharama ya wastani, lakini kurudisha chuma ili plastiki ipungue kunahitaji kuchomelea na kung'arisha upya, na mara nyingine hakuwezekani. Kwa hiyo kila sehemu usiyokuwa na uhakika nayo, kama vile ulimi wa kufungia kifuniko, iagize ikiwa nyembamba na fupi kuliko unavyodhani itahitajika, ili mabadiliko yawe ya kuchonga. Bora zaidi, usiagize kalibu kabisa mpaka vifaa ulivyotengeneza kwa mkono au kwa mashine ya kuchapa plastiki vimekaa kwa watu kwa wiki kadhaa na kurudi vikiwa na alama za vidole vyao.

Jaribio letu la kwanza la majumbani lilihusisha nyumba 12. Katika nyumba ya tatu nilikaa pembeni nikimtazama mzee mwenye umri wa miaka 78 akisoma gazeti. Kisanduku kilikuwa mezani, hatua moja kutoka alipoketi. Saa ya dozi ilipofika kengele ilianza kulia, na mimi niliisikia kwa ukali uliotaka kunikera. Mzee aligeuza ukurasa. Kengele ililia kwa dakika nzima, ikanyamaza, na yeye hakuinua kichwa. Aliyekuja ni mjukuu wake kutoka chumba cha tatu, akasema, "Babu, dawa." Nilimuuliza mzee kama kengele ilikuwa na sauti ya kutosha, akanijibu kwa upole kwamba ni nzuri sana.

Tulikuwa tumechagua kipaza mlio kidogo kinachotetema kwa takriban herzi 4,000, yaani mara 4,000 kwa sekunde, ambayo ni sauti ya juu, kwa sababu ni rahisi, hula umeme kidogo, na vijana wanne tuliokuwa karakana tulikisikia vizuri. Uzee, hata hivyo, huanza kuondoa usikivu wa sauti za juu kabla ya zile za chini. Jambo hilo halikuwa siri. Utafiti wa kengele za moto ulikuwa umeshaonyesha kwamba mlio wa herzi 520, wenye mawimbi ya umbo la mraba, huwaamsha watu waliolala, wakiwamo wenye usikivu hafifu, vizuri kuliko mlio mkali wa takriban herzi 3,000 uliozoeleka katika kengele za nyumbani. Tulibadilisha mlio wetu ukawa wa chini. Mabadiliko hayo yalidai spika kubwa zaidi, spika ikadai nafasi, na kisanduku kilichokuwa kikiingia katika mkoba wa kawaida kikanenepa, huku betri iliyokuwa ikidumu miezi minne ikidumu miezi miwili. Nayataja haya kwa sababu maandishi mengi ya usanifu huzungumzia mahitaji ya mtumiaji kana kwamba hayagombani. Yanagombana. Anayehitaji kusikia na anayehitaji kubeba ni mtu yuleyule.

Kifuniko kilitufundisha kwa ukali zaidi. Tulitaka kisanduku kisifunguliwe na mtoto mdogo, hivyo tukaweka kifungio cha kubana pande mbili kwa vidole na kuinua kwa wakati mmoja. Tulisoma kiwango cha kimataifa cha ISO 8317 kinachohusu vifungashio visivyofunguliwa na watoto, na nilivutiwa na hekima iliyomo humo. Kifungashio hakipimwi kwa watoto peke yao. Hupewa watoto wenye umri wa miezi 42 hadi 51, na angalau asilimia 85 yao wanapaswa kushindwa kukifungua katika dakika tano za kwanza. Kisha hupewa pia watu wazima wenye umri wa miaka 50 hadi 70, na angalau asilimia 90 yao wanapaswa kuweza. Waliotunga utaratibu huo walielewa kwamba kifungashio kinachomshinda mtu mzima si salama, kwa kuwa mtu huyo atakiacha wazi.

Sisi tulielewa maneno hayo na bado tukakosea, kwa sababu watumiaji wetu wengi walikuwa na zaidi ya miaka 70, na nusu yao walikuwa na baridi yabisi vidoleni. Vipimo vya mkono tulivichukua kutoka katika jedwali la wastani. Baadaye nilisoma kisa cha Gilbert Daniels, mtafiti wa jeshi la anga la Marekani, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1950 alichukua vipimo 10 vya miili ya marubani 4,063 ili ajue ni wangapi walikuwa wa wastani katika vipimo vyote kumi, akakuta hakuna hata mmoja. Nilipokisoma nilikumbuka jedwali letu kwa uchungu. Majumbani tulikuta vifuniko vimeachwa wazi kwa siku nzima, vingine vimefungwa kwa mpira wa kufungia karatasi, na kimoja kimevunjwa ulimi wake kwa makusudi kwa ncha ya kisu. Katika nyumba iliyokuwa na kisanduku hicho cha mwisho kulikuwa na mtoto wa miaka mitatu. Kifungio tulichokiweka ili kumlinda mtoto ndicho kilichomsogezea vidonge.

Ukikuta mtumiaji amebandika karatasi juu ya kifaa chako, ameongeza kamba, amechora alama kwa kalamu au amevunja kipande, usimrekebishe. Piga picha, kwa ruhusa yake, na umuulize alitaka kufanya nini. Picha za namna hiyo, ambazo mwanzoni nilizichukulia kuwa ushahidi wa matumizi mabaya, zikawa michoro bora kuliko yote niliyowahi kuchora mwenyewe. Mpira wa kufungia karatasi ndio uliotuonyesha kwamba watu walitaka kufunga kwa kiganja kizima badala ya ncha za vidole, na kifungio tunachokitumia sasa, ambacho husukumwa kwa kiganja na kufunguka kwa kuteleza, kimetokana na mpira huo.

Sasa nifike kwenye tukio ambalo ni vigumu kwangu kulieleza. Katika mwezi wa pili wa jaribio hilo, mama mmoja mwenye umri wa miaka 70 na ushei alikunywa dozi mbili za dawa ya shinikizo la damu katika jioni moja. Alifungua chumba cha jioni kengele ilipolia, akanywa vidonge vyake, akarudisha kifuniko bila kukibana hadi kilie, kwa sababu kukibana kulimuumiza kidole gumba. Programu yetu ilikuwa imeandikwa ihesabu kwamba dozi imenywewa pale tu kifuniko kinapofunguliwa na kufungwa kabisa. Nusu saa baadaye kengele ikalia tena na taa nyekundu ikawaka. Alipotazama, chumba kilikuwa tupu. Akajiuliza kama vidonge alivyokumbuka kunywa vilikuwa vya jioni hii au vya jana, na kwa kuwa kifaa kilikuwa na uhakika kuliko yeye, akakiamini kifaa. Akafungua chumba cha jioni ya kesho yake, akanywa. Usiku aliposimama kwenda chooni alipatwa na kizunguzungu, akaanguka, na akalala hospitali usiku huo. Alipona, na mkono alioangukia uliachwa na michubuko tu.

Nilipokwenda kumwona aliniambia, "Mwanangu, usijisumbue. Nimekosea mimi. Kifaa chenu kilinikumbusha, kichwa changu ndicho kilichochanganya mambo." Nilirudi ofisini nikakuta fomu ya tukio imeshajazwa, na katika nafasi ya chanzo pameandikwa "kosa la mtumiaji". Niliisaini. Niliisaini kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amesema hivyo, na kwa sababu maneno hayo yalitupunguzia mzigo sote. Ilinichukua siku nne kuirudia fomu hiyo na kuandika yaliyotokea kwa mpangilio: kifuniko kinachouma, kihisio kinachopima kufungwa badala ya kunywa, kengele inayorudia bila kujua, na taa yenye kumshutumu mtu aliyefanya sawasawa. Nilipoyapanga hivyo, nafasi yake yeye katika orodha ya makosa haikuonekana.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ndege za kivita za Marekani aina ya B-17 ziliharibika mara kwa mara zikiwa zimeshatua salama, kwa sababu rubani alikunja magurudumu pale alipokusudia kukunja vibao vya mabawa. Yalihesabiwa kuwa makosa ya marubani. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis aliangalia chumba cha rubani akaona kwamba swichi hizo mbili zilikaa bega kwa bega na zilifanana. Aliweka kipande chenye umbo la gurudumu juu ya moja na chenye umbo la bawa juu ya nyingine, ili mkono ujue unachoshika bila macho kutazama. Umbo la gurudumu limebaki katika mipini ya magurudumu ya ndege za abiria mpaka sasa. Nilipokifahamu kisa hicho nilijiuliza ni mara ngapi katika kazi yangu nimeandika kosa la mtu mahali palipostahili kuandikwa swichi mbili zinazofanana.

Uchunguzi wetu ulifichua jambo jingine. Katika nyumba nyingine tano kengele ya kurudia ilikuwa imelia bure mara nyingi kiasi kwamba watu walikuwa wamejifunza kuipuuza, na hakuna aliyeturipotia, kwa sababu kila mmoja alidhani ni yeye asiyejua kukitumia. Kifaa cha tiba kinachotoa onyo la uongo humfundisha mtu kutojali onyo la kweli. Mfano mzito zaidi ninaoujua ni wa mashine ya tiba ya mionzi ya Therac-25, ambayo kati ya 1985 na 1987 iliwapa wagonjwa sita mionzi iliyopita kiasi kwa kutisha, na baadhi yao walifariki. Chanzo kilikuwa kasoro za programu, pamoja na kuondolewa kwa vizuizi vya kimitambo ambavyo vingeisimamisha mashine. Lakini pia mashine hiyo ilizoea kuonyesha hitilafu kwa namba isiyo na maelezo, mara nyingi kwa siku, na waendeshaji walizoea kubonyeza kitufe cha kuendelea. Kisanduku cha vidonge si mashine ya mionzi, ila tabia ya binadamu mbele ya vyote viwili ni moja.

Marekebisho tuliyoyafanya yalikuwa madogo kuyatazama na magumu kuyakubali. Tuliondoa taa nyekundu. Tuliondoa maneno ya kudai kwamba dozi haijanywewa, kwa kuwa kifaa hakikuwa na njia ya kulijua hilo, na mahali pake tukaweka kile ambacho kifaa kinakijua kweli: kifuniko hiki kilifunguliwa saa fulani. Sehemu ya chini ya kila chumba tuliifanya ing'ae, ili mtu aone kwa macho yake kama kina kitu. Tulibishana kwa muda mrefu kuhusu kufunga vyumba vya siku zijazo visifunguke kabla ya wakati. Mwenzangu alilitetea wazo hilo kwa hoja nzuri ya usalama. Mimi nilimfikiria mtu anayesafiri na kutaka kuchukua dozi za siku mbili. Mwishowe tulitenganisha kila siku ikawa kisinia chake kinachochomoka, hivyo mbele ya mtu hukaa vyumba vinne tu vya leo, na vya kesho humlazimu avifuate kwa kusudi. Sina hakika kwamba ndilo jibu bora, lakini ndilo lililoshinda tulipowapa watu mifano yote mitatu na kuwatazama.

Na watu hao tuliwapa vidonge bandia visivyo na dawa. Tungefanya hivyo tangu mwanzo, mama yule asingeanguka. Namsihi yeyote anayejaribu kifaa kinachogusa dawa, sindano au mwili wa mtu, asiruhusu dawa halisi iingie ndani yake mpaka amewatazama watu wakikosea kwa vitu visivyo na madhara.

Kwa muda mrefu tulisema "mtumiaji" kana kwamba ni mtu mmoja. Anayekunywa vidonge katika nyumba nyingi siye anayevipanga. Kila Jumapili jioni binti, mwana au mke huketi na pakiti nane au tisa, akisukuma vidonge kutoka katika karatasi zake za bati, na kazi hiyo iliwachukua baadhi yao zaidi ya saa nzima. Hatukuwa tumemtazama hata mmoja wao akiifanya. Tulipowatazama tuliona kwamba vyumba vyetu vilikuwa na kuta zilizosimama wima, hivyo kidonge kidogo kilijificha kwenye kona na kidole hakikukifikia; chini iliyopinda kama kijiko ililimaliza tatizo hilo mara moja. Tuliona pia kwamba walipanga dawa ambazo hazikupaswa kutolewa katika chombo chake, kama vile nitroglisarini ya moyo, ambayo hupoteza nguvu ikitolewa katika chupa yake ya kioo. Kuhusu hilo tulikwenda kwa wafamasia, na wao walitupa katika mchana mmoja orodha ambayo ingetuepusha na aibu kubwa kama tungeiomba siku ya kwanza. Mfamasia na muuguzi wawekwe kwenye meza ya usanifu mapema, si mwishoni ili kuidhinisha.

Katika nyumba moja tuliwapa mume na mke visanduku viwili vilivyofanana, vyenye kutofautishwa na kibandiko kidogo cha jina. Namshukuru mke kwa kugundua mapema, kwani siku ya pili alikuwa ameshika cha mumewe. Msanifu Deborah Adler wa Marekani alianza kazi yake maarufu kutokana na jambo la aina hiyo hiyo, baada ya bibi yake kunywa kwa makosa dawa za babu yake. Chupa aliyoibuni, ambayo ilianza kutumika mwaka 2005 katika maduka ya dawa ya kampuni ya Target, ilikuwa na uso bapa wa kusomeka bila kuizungusha, jina la dawa juu kabisa kwa herufi kubwa, na pete ya rangi kwa kila mtu wa familia. Tulijifunza kwake bila kuiga moja kwa moja, kwani rangi peke yake haitoshi: kati ya wanaume wenye asili ya Ulaya Kaskazini, takriban mmoja katika kila 12 hutofautisha rangi kwa shida, hasa nyekundu na kijani, na lenzi ya jicho la mzee hugeuka manjano na kuzidhoofisha rangi za buluu. Visanduku vyetu sasa hutofautiana kwa rangi na pia kwa umbo la ukingo, ili kidole kitambue hata gizani.

Kulikuwa na kikwazo ambacho hakuna dodoso lingekipata. Wazee wanne kati ya 12 walikuwa wakikificha kisanduku kabatini wageni wanapokuja, kisha wanasahau kukirudisha. Kilikuwa cheupe, chenye msalaba wa kijani, na kilionekana kama kitu cha wodini. Mmoja wao, mwalimu mstaafu, aliniambia kwamba hataki kila anayeingia ajue idadi ya magonjwa yake. Sikuwa nimefikiri kwamba heshima ya mtu ni hitaji la kiufundi, lakini kifaa kilichofichwa kabatini hakisikiki, hivyo ni hitaji la kiufundi kama betri ilivyo. Tuliondoa msalaba, tukabadilisha rangi, na tukawaomba watu wenyewe wachague.

Katika kipindi hicho tulijaribu pia kujifanya wazee, tukivaa glavu nene, miwani iliyopakwa mafuta na pamba masikioni. Patricia Moore, msanifu wa Marekani, alifanya hivyo kwa kina kisichofikirika kati ya 1979 na 1982, alipokuwa na umri wa miaka ya ishirini: alijigeuza bikizee kwa vipodozi na vifaa vya kumpunguzia kuona, kusikia na kutembea, akasafiri katika miji zaidi ya 100 ya Marekani na Kanada. Sisi tulifanya kwa mchana mmoja, na ulitusaidia kuelewa maumivu ya kifungio. Lakini ulitupotosha pia, kwa kuwa tuliishia kuwahurumia wazee badala ya kuwaelewa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kukilalia kwa saa tatu hakukupi maarifa ya aliyekilalia miaka kumi. Mzee mwenye baridi yabisi ana mbinu zake za kufungua vitu, alizozijenga kwa miaka, ambazo kijana aliyevaa glavu hawezi kuzibuni.

Kuhusu idadi ya watu wa kuwajaribu, swali ambalo huulizwa mara nyingi, uzoefu wangu ni kwamba katika hatua za mwanzo watu watano au sita kwa kila duru wanatosha kukuonyesha kasoro kubwa, mradi urekebishe na urudi kwa wengine watano. Kwa uthibitisho wa mwisho wa kifaa cha tiba, mambo ni tofauti: mwongozo wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, wa mwaka 2016 unapendekeza angalau watu 15 kwa kila kundi la watumiaji, na kiwango cha kimataifa cha IEC 62366-1, kinachohusu urahisi wa kutumia vifaa vya tiba, kinamtaka mtengenezaji aonyeshe kwamba amezifikiria hatari zinazotokana na matumizi yenyewe. Tulivisoma viwango hivyo tulipotaka idhini, vikatulazimu kurudia kazi ya miezi saba ambayo haikuwa na kumbukumbu. Visome kabla ya mchoro wa kwanza. Walipe watu muda wao, waambie kwamba kinachojaribiwa ni kifaa, na mtu anapokwama usimsaidie kabla hujahesabu kimya kimya hadi sitini. Kwangu hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, kwa sababu nimelelewa kumsaidia mkubwa anayehangaika.

Kila ninapotembelea nyumba huandika katika safu ya pekee maneno kama "nimekosea mimi", "mikono yangu siku hizi" na "ninyi vijana mnaelewa". Kila mojawapo humaanisha kwamba kuna sehemu ya kifaa ya kurudi kuitazama. Katika duru ya kwanza nilihesabu maneno ya namna hiyo mara 41 kwa watu 12. Katika duru ya mwisho, yenye watu 15, yalisikika mara sita. Manne kati ya hayo sita yalitoka kwa mzee mmoja mwenye ugonjwa wa Parkinson, ambaye mikono yake hutetemeka kiasi kwamba kisinia kilichotolewa humwaga vidonge kabla hajakifikisha mdomoni. Tumejaribu ukingo mrefu zaidi, tukajaribu uzito chini ya kisinia, na vyote viwili vimemsaidia kidogo tu. Wiki iliyopita aliniambia nisihangaike, kwamba tatizo ni la mkono wake. Nimeyaandika maneno hayo katika safu yake, na Jumanne tutarudi kwake na mfano mwingine, ambao kidonge hutoka kimoja kimoja moja kwa moja katika kikombe kilichokaa mezani.